Kengele ya Nyuma

Chupa ya maji ya mke wa Rubani ilirudi imejaa mpaka shingoni.

Utasema, chupa kujaa ni ajabu gani? Ngoja kwanza. Siku ile jua lilikuwa la kukaanga yai juu ya upara wa mtu. Wageni walikunywa maji mpaka wakaanza kuyatazama madimbwi kwa tamaa. Na mwanamke huyu, tangu alipopanda baiskeli kwa mara ya kwanza, hajawahi kumaliza kilima bila kukausha chupa yake na kuomba ya jirani. Leo katoka safari ya kutwa nzima, kizibo hakijafunguliwa. Rubani akaitikisa ile chupa. Akamtazama mkewe anavyoegesha baiskeli ukutani. Shati kavu, uso mkavu, puani hana hata tone la jasho.

"Hukusikia kiu, mke wangu?"

"Kiu ya nini?" Akapita zake ndani.

Rubani alikuwa fundi baiskeli, na jina hilo alilipata kwa kuongoza wageni kwenye barabara ya zamani, ile iliyoachwa ukiwa magari yote yalipohamia barabara kuu. Barabara tamu kama ile dunia nzima hakuna, na anayebisha aje na yake. Inapita katikati ya mashamba, inateremka taratibu kwenye minazi, halafu inakata juu ya tuta jembamba, mabwawa ya chumvi huku na huku, na bahari mbele inang'aa mpaka macho yanauma. Kimya chake, unasikia cheni yako mwenyewe ikihesabu meno. Rubani aliijua njia ile kuliko kiganja chake. Watu waliapa kwamba aliwahi kuipita yote amefumba macho, huku anatafuna hindi.

Yeye alikaa mbele, mkewe mkiani, wageni katikati. Kwa vile kona zilikuwa nyingi na wa mbele hamwoni wa nyuma, walizungumza kwa kengele. Mke akipiga mbili, maana yake wote tupo, twende. Akipiga tatu, simama, kuna jambo. Rubani akisikia anajibu moja. Walizoea hivyo mpaka nyumbani: Rubani akirudi kutoka karakana anapiga mbili uani, na mkewe jikoni anajibu moja kwa kugonga sufuria na mwiko, bila hata kugeuza kichwa.

Sasa siku ile, juu ya tuta la chumvi, Rubani alikuwa anamsimulia daktari wa meno, mgeni wake mnene aliyependa hadithi, jinsi alivyolishinda lori kwenye mteremko. Kafika penye utamu wenyewe: "Nikamgeukia dereva, nikamwambia..." Mara akasikia kengele tatu. Mbali, nyuma ya kona. Akashika breki. Kabla mguu haujagusa chini, zikalia kengele mbili, karibu, kama mtu kazipigia kisogoni mwake.

Tatu za mbali, mbili za karibu. Mkewe ni mmoja.

Mtu mwingine angegeuka akaangalia. Rubani aliona hadithi yake ya lori itapoa. Akazishika zile mbili, akajibu moja, akakanyaga. Ukapita upepo wa baridi wenye harufu ya chuma chenye kutu, na alichomwambia dereva kikamtoka kichwani palepale.

Siku chache baadaye daktari wa meno alikuja karakana kuchukua gurudumu lake. Akachungulia mlangoni, akachungulia dirishani, ndipo akainama.

"Fundi, shemeji yupo?"

"Yupo ndani. Unataka kumng'oa jino?"

"Sema polepole, bwana. Siku ile tulipokuwa tunarudi alikuwa nyuma yangu. Mbona hakuwa anakanyaga?"

"Hakanyagi vipi?"

"Miguu imetulia juu ya pedeli, kimya. Na kilima anapanda."

Rubani akacheka kicheko kikubwa cha kusikika mtaa wa tatu. "Daktari, jua lilikupiga! Kanywe maji!" Lakini daktari alipoondoka, alichuchumaa kwenye baiskeli ya mkewe. Tairi zake mwenyewe zilikuwa bado na tope jeupe la chumvi. Za mkewe safi, kama zimetoka dukani. Akageuza pedeli. Pedeli ya kushoto, ambayo mkewe aliilemea tangu alipoumia goti, ilikuwa haijalika kabisa. Iliyolika ni ya kulia.

Tangu hapo akawa anamchunguza, na anayemchunguza mkewe nyumba haimtoshi. Chakula anapika, ila anakionja kwa kunusa. Anaitwa, anaitika kabla jina halijaisha. Asubuhi mto wake una chembe za chumvi. Na jua likianza kuzama anakaa akiutazama ukuta, mgongo wima, na Rubani aliposogea siku moja amwekee mkono begani akasikia ndani ya kifua kile, mahali ambapo mimi na wewe tuna pumzi, sauti ya gurudumu linalojizungukia lenyewe bila mtu kukanyaga, tik-tik-tik-tik, linaenda, linaenda tu, halipungui mwendo, na ile harufu ya kutu ikapanda na kujaa chumba kizima mpaka ulimi wake ukaonja chuma, naye akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akijiuliza huyu kama si mkewe, basi mkewe yuko wapi, na anakula nini huko.

Mganga wa mtaa ule alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene, mwenye pini mdomoni muda wote. Alimsikiliza huku anakunja pindo.

"Uliitikia kengele ya nani?" akauliza.

"Ya karibu, mama."

"Kwa nini?"

Rubani akatazama viatu vyake. "Nilikuwa naongea."

"Uliongea ukaacha mke njiani!" Akatema pini mkononi. "Sikiliza. Jini la njia halina pa kwenda mpaka liitikiwe. Lipeleke palepale, saa ileile, likae mkiani. Litapiga mbili, usijibu. Litakulilia, usijibu. Ngoja tatu za mbali, uzijibu hizo. Na mkeo akirudi, siku hiyohiyo umwambie yote, bila kuficha, asije akaitikia kengele ovyo. Umenielewa, au nikushone masikio?"

"Nimeelewa, mama."

"Yote, nimesema."

Wakaenda. Kile kitu hakikuuliza kinapelekwa wapi. Mashamba yakapita, minazi ikapita, jua linachoma, na Rubani, mtu ambaye kwa kawaida huongea hata na mbuzi, hakufungua mdomo, wala chupa yake hakuigusa. Juu ya tuta akasimama. Nyuma yake, karibu, zikalia mbili.

Hakujibu.

Mbili tena. "Mume wangu," ikasema sauti ya mkewe, laini, ya siku za uchumba. "Mbona huniitiki?"

Akakaza meno.

"Nimekupikia, nimekufulia, nimekaa kimya unapojisifu. Yule wa kule alinyamaza lini?" Pumzi ikamgusa shingoni, baridi, yenye kutu, na gurudumu lile la kifuani likaanza kuzunguka kwa kasi, tik-tik-tik-tik mpaka ikawa mlio mmoja mrefu, na maji ya mabwawa pande zote mbili yakatulia kama kioo, na kwenye kioo kile Rubani alijiona yeye, na nyuma yake akaona baiskeli iliyosimama wima bila mtu, na bado sauti inambembeleza, na bado mkono unapanda mgongoni, na kidole chake mwenyewe kinatambaa kuelekea kengele, ndipo mbali, nyuma ya kona, zikalia.

Tatu.

Akapiga moja, kwa nguvu za kung'oa kengele. Nyuma yake kukawa kimya.

"Wewe mwanaume wewe!" Mkewe alitokea kwenye kona anaburuta baiskeli, jasho linamtiririka, mikono myeusi kwa grisi. "Cheni imetoka, napiga tatu, napiga tatu, mpaka kidole kinataka kukatika! Na wewe unakimbia na lori lako! Wageni wako wapi?"

Kwake ilikuwa bado siku ileile.

"Wametangulia," akasema Rubani, akatazama pedeli ya kushoto. Imelika. Mkewe akamaliza chupa yake kwa pumzi moja, akapiga chafya, akamtukana tena, na Rubani karibu alie kwa raha. Akafungua kengele ya baiskeli ya mkewe, akaitia mfukoni. "Imelegea. Nitaitengeneza."

Na yale mengine? Mtu anaanzaje? Anamwambiaje mkewe kwamba kuna mwingine alivaa kanga zake, akalalia mto wake, na yeye mume, bingwa wa kujua, akala chakula cha mkono wake bila kushtuka? Nitamwambia tukifika, akawaza, na njia yote ya kurudi hakusema neno wala hakugusa chupa yake. Walipofika akasema, akishaoga. Alipooga akasema, tukishakula.

Magharibi ikaingia. Mke jikoni anakoroga sufuria. Rubani kakaa mezani, kafungua mdomo, hatimaye, aanze.

Uani zikalia kengele mbili.

Akashika mfuko wake. Kengele ya mkewe imo. Yake mwenyewe ilikuwa ukumbini, anaiona pale kwenye usukani.

"Usi—" akasema.

Mkewe, bila kugeuza kichwa, akagonga sufuria kwa mwiko. Mara moja.

Nje, stendi ya baiskeli ikateremshwa. Harufu ya kutu ikapita chini ya mlango. Kisha sauti ya kiume, nene, ya majigambo, sauti ambayo mtaa mzima unaijua, ikaanza kucheka.

"Mke wangu, njoo usikie! Basi nikamgeukia dereva, nikamwambia: lori lako hilo, kalifungie kamba ulivute kama mbuzi! Fungua, nimechoka, nipe maji."

Mwiko ukasimama. Mke akautazama mlango. Akamtazama mtu aliyekaa mezani, kimya, yeye ambaye njia nzima hakusema neno. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye chupa ya safari iliyokuwa mbele ya mtu huyo, imejaa mpaka shingoni.

Akarudi hatua moja, na nyingine, kuelekea mlangoni.

"Hivi wewe," akauliza kwa sauti ndogo, mkono uko kwenye komeo, "njia yote ile hukusikia kiu?"