Nani Anamwendesha Kukhu?

Ilikuwa siku ya soko Kitengela, mwaka wa 2005. Ng'ombe, mbuzi na malori ya Namanga yaligombania barabara moja, na katikati ya fujo hiyo pikipiki nyeusi ikazima. Ilizima mbele ya duka la dawa za mifugo alimouza Munyiva, binti wa Kikamba mwenye vishimo mashavuni na ulimi usiojua likizo.

Na ilikuwa pikipiki kweli! Tangi la mviringo lenye mistari ya dhahabu, taa kubwa ya duara, kiti cha ngozi chenye springi, na kromu ya kujitazamia. Ilikuwa imeundwa India miaka ya karibuni, lakini kwa umbo la enzi za babu zetu. Wazee wa Kimaasai waliacha mbuzi wao wakaja kuikagua. Mmoja alilipapasa tangi, akamsalimu mwenye pikipiki, "Sopa," kwa heshima anayopewa mwenye fahali mzuri.

Mwenye pikipiki aliitwa Wasike, fundi wa umeme kutoka Bungoma. Mrefu, mweusi tii, amevaa jaketi ya ngozi kwenye jua lile, jasho linamtiririka kwa ajili ya kupendeza tu.

"Kaka, pikipiki yako inanikojolea mlangoni," Munyiva alisema, akionyesha matone ya oili.

"Madam, heshima tafadhali. Huyu ni nyanya. Anaitwa Kukhu."

"Hata nyanya huenda choo."

Wasike alicheka mpaka aibu ikamwisha. Akabonyeza kishikizo kidogo cha kupunguza pumzi ya injini, akasukuma kiki taratibu mpaka mshale wa mita ya umeme ukasimama katikati, kisha akapiga kiki moja. Du, du, du, du. Mlio ulikuja polepole, mzito, usio na haraka na mtu. Munyiva aliuhisi kifuani, na alipousikia unaondoka alijikuta anautegea sikio.

Hakungoja sana. Wiki iliyofuata Wasike alirudi kununua dawa ya kupe, naye hakuwa na hata kuku. Mapenzi yao yakaanza hapo. Kila Jumapili baada ya kanisa walienda Kajiado kula nyama, Munyiva nyuma, leso nyekundu aliyopewa na Wasike imefunika nywele kwa sababu ya vumbi. Jumamosi walikaa uani, pikipiki imefunguliwa.

"Wasichana wengine wanapelekwa sinema," Munyiva alilalamika. "Mimi napelekwa kushika spana."

"Sinema itakufundisha kurekebisha tapeti za injini?"

"Na tapeti itanishika mkono?"

"Lete huo mkono, sweetie. Uko na grisi lakini naupenda."

Ukweli ni kwamba Munyiva alifurahia kumtazama. Wasike aliisafisha cheni pingili kwa pingili, akakaza spoki huku akizisikiliza moja moja, akafuta kila nati kwa kitambaa safi. Mtu anayetunza chuma hivi, Munyiva alijiuliza, atamtunza mkewe vipi? Moyo wake ulikuwa umeshajibu.

Ndipo Wasike akapata kazi ya miezi sita Magadi.

"Huko siwezi kumpeleka Kukhu. Vumbi la magadi linakula kromu. Nakuachia yeye, jaketi na helmeti. Mwashe kila Jumapili asishikane. Lakini usimwendeshe, mpenzi. Ni mzito, atakuangukia."

"Ndio, boss," Munyiva alijibu akiangalia chini. Anayemjua Munyiva angeona hapo hapo kwamba hajakubali.

Simu zikawa daraja lao.

"Umemwasha?"

"Nimemwasha. Kwani salamu hakuna? Mimi sina haja ya kuulizwa hali?"

"Pole, babe. Uko aje?"

"Niko sawa. Alikuwa anavuja kidogo kwa mfuniko, nimebadilisha gasketi."

"Wewe mwenyewe? Nitakuoa kesho!"

Alichokificha ni kwamba alikuwa anajifunza kuendesha, peke yake, kwenye nyika nyuma ya nyumba za kupanga. Alianguka, akachubuka muundi, akaamka. Alitaka siku Wasike atakaporudi aende kumpokea mwenyewe na Kukhu.

Jumamosi moja Wasike alipigiwa na Ouko, rafiki yake wa Kajiado.

"Manze, Kukhu amepita hapa asubuhi. Kuna jamaa kwa jaketi yako, amebeba mwanamke wa leso nyekundu."

Wasike alikata bila kuaga. Akampigia Munyiva.

"Uko wapi?"

"Niko… kwa kwaya."

"Kwaya ya Kajiado? Umeonekana umebebwa na mwanaume kwa pikipiki yangu, amevaa jaketi yangu!"

"Mwanaume?" Munyiva alikaribia kucheka.

"Usijifanye! Ningejua wewe ni wa kubebwa na kila mtu, singekuachia hata ufunguo."

Kicheko kikamwisha. Alikata simu, kisha akaizima.

Tazama wivu unavyompofusha mtu! Wasike aliyeweza kusikiliza injini akajua plagi imechoka, alishindwa kuwaza kwamba mwanamke anaweza kupiga kiki. Alipiga simu wiki nzima bila kujibiwa. Chakula kikawa mchanga mdomoni. Alimpenda, alimlaani, akampenda tena.

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa utosini, alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake ya kampuni aliposikia du, du, du, du. Alisimama. Kukhu alikuwa anaingia kwenye safu ya nyumba, na juu yake mtu wa jaketi nyeusi na helmeti.

"Ndiye huyo!" Wasike alikunja ngumi, akatoka mbio. "Wewe! Shuka kwa pikipiki yangu!"

Mtu yule alizima injini, akashuka, akavua helmeti. Misuko ikaanguka mabegani. Uso ulikuwa umepakwa vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Nimeshuka," Munyiva alisema. "Ufunguo huu hapa."

Wasike aliupokea bila kujua ameupokea. "Ni wewe? Kutoka Kitengela?"

"Isinya, Kiserian, na ule mteremko wote. Na Kajiado pia nilikuwa mimi."

"Na aliyekuwa nyuma?"

"Mama yangu. Nilimfunga leso kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nampeleka kwa mjomba Kitheka, kumwambia kuna kijana wa Bungoma anataka kuleta mbuzi wa mahari. Kwetu mbuzi hawaji kabla mjomba hajasikia. Alikuwa ameshakubali, Wasike. Simu yako ilinikuta mezani kwake."

Wasike akakaa chini palepale kwenye changarawe.

"Nilikosa, Munyiva. Sikuwaza kwamba unaweza."

"Hapo ndipo uliponiumiza. Hukuwaza na hukuuliza." Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la mashavu. "Nimekuletea mali yako. Basi la kurudi liko saa ngapi?"

Wasike aliinuka. Hakuitazama pikipiki. Alimletea maji ya kunywa, akamshikia beseni akanawa uso, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nipigie mama yako, tafadhali. Nimkosee yeye pia na ninyamaze?"

Munyiva alisita, akapiga, akampa simu.

"Ni wewe uliyemwita msichana wangu mwanaume?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Bado nataka kuleta mbuzi, Munyiva akinikubali."

"Sasa mbona unaniuliza mimi? Muulize yeye."

Wasike aligeuka, simu ingali sikioni. "Munyiva, nakupenda. Utakubali niwe mume wako?"

Majirani waliokuwa wanachungulia madirishani wakaacha kujificha. Munyiva akanyoosha kiganja.

"Rudisha ufunguo kwanza."

Akaurudisha.

"Nimekubali," alisema, na sasa akacheka.

"Amekubali, mama!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lete mbuzi. Lakini siku ya harusi mimi nabebwa na Munyiva. Wewe utakuja na gari la kwaya."