Uwanja wa Michezo na Maji ya Bondeni

Kila asubuhi Adija alishuka bondeni, ndoo kichwani na jembe mkononi. Bonde hilo lilikuwa nyuma ya nyumba za mtaa wao, upande wa chini wa mji wa Moshi, njia ya kuelekea Kahe. Kulikuwa na chemchemi hapo. Maji yake yalitoka mlimani, yakapita chini ya ardhi, yakaibuka katikati ya mawe meusi. Watu walichota maji ya kunywa pale kwenye mawe. Chini kidogo wanawake walilima mchicha, mnafu na magimbi.

Mboga za Adija ndizo zilizolisha nyumba. Mumewe, Seleman, alikuwa amepunguzwa kazi. Kiwanda alichofanyia kazi kiliuzwa, na mmiliki mpya hakutaka watu wengi. Mwaka huo wa 1997 wanaume wengi wa mtaa walikuwa kama yeye. Asubuhi walinyoa ndevu, wakavaa vizuri, kisha hawakuwa na pa kwenda.

Nyumbani waliishi pia Nasrin, binti yao, na Bi Mwanahawa, mama yake Seleman. Bi Mwanahawa alikuwa mzee na macho yake hayakuona vizuri. Hata hivyo kazi ya kuchambua mboga alikuwa hamwachii mtu. Alizipapasa kwa vidole, akalitoa kila jani bovu.

Mwezi wa nane zilikuja habari za uwanja. Mji ulitaka uwanja mkubwa wa michezo, na kamati ilikuwa imeundwa kutafuta mahali. Watu wa kamati walipita bondeni, wakapima, wakapigilia vigingi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulkarim, alizunguka nyumba kwa nyumba. Alisema kutakuwa na mkutano shuleni, na mwenye neno lake aje aseme.

Seleman alifurahi. Ujana wake wote alikuwa golikipa, na mpira ulikuwa bado moyoni mwake. Adija hakufurahi, lakini hakwenda mkutanoni. Aliwaambia wenzake kwamba wakubwa wameshaamua, na yeye hana cha kwenda kusema. Wenzake walikubaliana naye. Siku ya mkutano walikuwa bondeni wanapalilia.

Baada ya wiki chache malori yalianza kumwaga kifusi. Jioni moja Seleman alirudi na koleo begani.

"Nimepata kibarua," alisema.

"Wapi?"

"Bondeni. Kusambaza kifusi."

Adija alikuwa anakoroga uji. Akaacha kukoroga. "Utafukia matuta yangu kwa mkono wako?"

"Nisipofukia mimi, atafukia mwingine," Seleman alisema. "Na sisi tutakosa mboga, tukose na kibarua."

Adija aliepua uji. Kesho yake aliwahi kabla ya malori. Alichimba magimbi, hata yale ambayo hayajakomaa. Alichuma mchicha mpaka mikono ikawa ya kijani. Halafu alisimama pembeni akatazama udongo mwekundu unavyomwagwa. Mumewe alikuwa miongoni mwa wanaousambaza, na hakuinua macho kumtazama.

Kabla mwaka haujaisha zikaanza mvua za El Nino. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kuona mvua kama zile. Kazi ya uwanja ilisimama, lakini kifusi kilikuwa kimeshafunika nusu ya bonde. Zamani maji ya mvua yalipita bondeni yakaenda zao Kahe. Sasa yalifika kwenye kifusi yakakuta njia imezibwa. Yakarudi nyuma, yakaingia kwenye nyumba. Vyoo vya shimo vilijaa, vikafurika.

Maji yalipopungua, chemchemi ilionekana safi kama zamani. Watu walichota wakanywa. Kuni zilikuwa zimelowa, na wengi hawakuchemsha maji. Adija naye hakuchemsha.

Bi Mwanahawa alianza kuharisha na kutapika. Walimpakia kwenye mkokoteni, Seleman akavuta, Adija akasukuma. Njia ilikuwa matope matupu. Walizunguka mbali kukwepa maji, wakakwama, wakatoka, wakakwama tena. Hospitali walimpokea upesi wakamtundikia dripu. Lakini mwili wake ulikuwa umeishiwa maji, na mishipa haikupatikana kwa urahisi. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Walimzika siku hiyohiyo. Nyumba nyingine mtaani nazo zilipata msiba wiki hiyo.

Watu walipotawanyika, Seleman alibaki amekaa mkekani. Hakutaka chakula. Nasrin alimletea chai, ikapoa mbele yake. Hatimaye alisema neno moja tu, bila kumtazama mtu.

"Mimi ndiye niliyemfukia mama."

Adija alitaka kumwambia si kweli. Lakini naye alikuwa na lake moyoni. Yeye ndiye aliyechota yale maji.

Siku za matanga jirani yao Zita alikuja na sufuria ya mtori, supu ya ndizi na nyama. Zita alikuwa bibi maendeleo wa kata. Kwao ni Kilema, juu mlimani, na alihamia mtaani mwaka huohuo. Aliwapa pole, akawapakulia mtori, akangoja mpaka Seleman akala kidogo. Kisha aliwaonya kuhusu maji. Alisema wasidanganywe na weupe wake, kwa sababu uchafu wa vyoo umeingia ardhini. Wachemshe mpaka yatokote, hata kama wataazima mkaa. Na mtu akianza kuharisha, waanze palepale kumnywesha maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, huku wakimkimbiza hospitali.

Adija alimuuliza kwa nini mji uliwafanyia hivi.

"Dada Adija, nilikuwa kwenye ule mkutano wa shuleni," Zita alisema polepole. "Madawati yalikuwa matupu. Walikuja wapenzi wa mpira tu. Mtaalamu wa kamati aliuliza nani anatumia bonde. Akangoja. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa mgeni, nikanyamaza."

"Kwa hiyo kunyamaza kwetu walikuhesabu kuwa tumekubali?"

"Ndiyo."

Adija alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Zita hakuwaacha na kilio hicho. Alisema uwanja si kitu kibaya. Vijana wanahitaji mahali pa kuchezea, na mji unakua. Lakini mahali pa kujenga hapachaguliwi kwa kutazama ramani na nafasi peke yake. Lazima ijulikane maji ya mvua yanapita wapi, ardhi ni ngumu au laini, barabara iko karibu au mbali, na watu gani wanaishi kwa kutegemea mahali hapo. Mengi ya hayo wanayajua wenyeji. Wasiposema, hayajulikani.

"Kazi imesimama, haijaisha," alisema. "Mwombeni Mzee Abdulkarim aite mkutano. Na mkutano usiwe shuleni. Uwe bondeni, wakati maji bado yapo."

Adija hakuwa na tumaini. Alikwenda kwa sababu kukaa nyumbani kulimshinda. Alipita kwa wanawake waliolima naye, mmoja baada ya mwingine. Wengine walimwambia amechelewa, mama mkwe hatarudi. Alijua. Aliwaambia waje hata hivyo.

Walikuja. Kamati nayo ilikuja, pamoja na mtaalamu wake, Bwana Filemon. Filemon alisikiliza, kisha akasema mafuriko yametokea nchi nzima, na El Nino haikuletwa na kifusi.

Adija alinyoosha mkono. "Tazama upande ule wa juu, baba. Kule malori hayajafika. Mvua ni ileile. Zile nyumba hazikuingia maji. Zilizoingia maji ni hizi zetu, zilizo nyuma ya kifusi."

Filemon aligeuka akazitazama nyumba za juu. Seleman akamwomba amfuate. Alimpeleka mpaka mahali palipokuwa na mkondo, akamwonyesha ulipozibwa. Alipajua kwa sababu aliuziba yeye. Filemon alikiri kwamba alikuja wakati wa kiangazi. Mboga aliziona, lakini chemchemi hakuonyeshwa, na alipouliza hakupata mtu wa kumjibu. Aliandika, akapima tena, akaondoka na viatu vimejaa matope.

Mvua zilipokatika, kamati iliita watu na kutangaza kwamba uwanja umehamishwa. Ungejengwa juu, karibu na barabara ya Himo, penye ardhi ngumu ya changarawe. Mkondo wa bondeni ungefunguliwa. Watu walipiga makofi. Adija hakupiga. Alisimama akauliza kama wenye mashamba kule juu wameulizwa. Kamati ikasema mkutano wao umepangwa wiki ijayo.

Wiki hiyo Adija na Zita walipanda kwenda huko. Karibu na mahali pa mkutano walimkuta mzee mmoja, Kornel, anapalilia mahindi. Adija alimwamkia shikamoo, akamuuliza kama haendi mkutanoni. Mzee alisema neno la mtu maskini halifiki popote, afadhali amalize kupalilia.

Adija alisimama kwenye mpaka wa shamba. Alimweleza habari za Bi Mwanahawa, toka mwanzo mpaka kaburini. Hakumshauri neno. Mzee Kornel alimsikiliza akiwa ameegemea jembe. Alipomaliza, mzee aliliegesha jembe kwenye mti akaenda nao.

Kwa sababu yake na wenzake uwanja ulisogezwa tena kidogo, ukaacha mashamba karibu yote, ukakaa penye changarawe ambapo hapakuota kitu. Wachache ambao mashamba yao yaliguswa walipewa ardhi nyingine kabla ya kazi kuanza.

Masika yaliyofuata maji yalipita bondeni yakaenda Kahe. Hakuna nyumba iliyofurika, wala aliyeugua kuharisha mtaani. Watu waliendelea kuchemsha maji. Chemchemi iliendelea kutoka, ila ndogo. Nusu ya bonde bado ni kifusi, na kwenye kifusi hauoti mnafu. Adija analima kipande kilichobaki. Mboga anachambua mwenyewe.

Uwanja ulipokamilika Seleman alipata kazi ya kukata nyasi na kupaka chokaa mistari. Anaifanya vizuri, na wachezaji wanamheshimu. Lakini mechi inapoanza, yeye huchukua baiskeli yake akarudi nyumbani. Husema makelele yanamchosha. Adija hamuulizi zaidi. Humtengea chakula, akakaa karibu naye, wakala.