Jina Lililoangukia Kwenye Mkunjo

Kila siku akitoka shule, Nélida alikuwa anakula upesi, anavua sare, kisha anashuka hadi ofisi ya parokia kumsaidia Mama Hortensia, katibu wa Padri. Kazi zake hazikuwa kubwa. Alifagia vumbi jekundu ambalo upepo wa mji wao, Tupiza, haukuchoka kulileta, akapanga vyeti vya ubatizo, akaondoa kitambaa kilichofunika printa.

Printa yenyewe ilikuwa ya zamani, ya zile za pini. Kichwa chake kilikwenda kulia na kushoto kikigonga utepe wa wino, na kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Karatasi zake hazikuwa moja moja. Zilikuwa zimeunganishwa, zimekunjwakunjwa ndani ya boksi, na kwenye kila mkunjo kulikuwa na mstari wa vitobo vidogo vya kuchania. Watu waliicheka, lakini Mama Hortensia hakutaka kusikia habari ya kuitupa.

"Hizo printa zenu mpya zinapaka wino juu juu tu," alisema. "Hii inagonga. Ikigonga mara moja natoa nakala tatu: ya Padri, ya mlangoni na ya makaburini."

Zamani aliyeitengeneza ikigoma alikuwa Edson, kaka yake Nélida. Edson alikuwa dereva wa lori, kijana wa vichekesho, na mikono yake haikushindwa na kitu chochote chenye skrubu. Mwezi wa pili, wakati wa mvua, alikuwa akivuka mto na mzigo wa vitunguu. Maji yakaja ghafla kutoka milimani, yakalibeba lori. Walimpata siku ya pili, chini kabisa, kwenye kona ya mto.

Baadaye watu wakaanza kunong'ona kwamba alikuwa amelewa. Nélida alijua si kweli. Asubuhi ile Edson alikuwa amekunywa uji wa mahindi jikoni kwao, akamvuta nywele, akaondoka. Lakini maneno ya mtaani hayana mlango wa kugonga useme acheni. Mama yao, Primitiva, aliacha kwenda sokoni.

Sasa mwezi wa wafu ulikuwa umekaribia, na kwa Edson huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Watu wa Tupiza wanajua kwamba roho za marehemu hufika nyumbani tarehe mosi Novemba, na siku ya pili, saa sita mchana, huondoka. Kila familia humwokea marehemu wake mkate wenye umbo la mtu. Asubuhi ya tarehe mosi kuna misa. Padri anasoma majina ya marehemu wote walioandikishwa. Jina likitajwa, ndugu wanasimama, wanawasha mshumaa, wanaitikia kwa pamoja, "Yupo!"

"Wakishamsikia Padri anamtaja mwanangu mbele ya madhabahu," Mama Primitiva alisema, "midomo yao itafungwa. Mimi sitaki kingine."

Mwaka huo kompyuta ya parokia ilikufa wiki chache kabla ya misa, ikaletwa nyingine ya mitumba. Kompyuta hiyo haikuifahamu printa. Ilihitaji draiva, yaani faili dogo linalofanya kazi ya mkalimani: linachukua maneno ya kompyuta na kuyageuza yawe lugha ambayo printa inaielewa. Bila draiva, au ukiiweka isiyo yake, hawaelewani.

"Wewe ulikuwa unamtazama kaka yako akifanya," Mama Hortensia alimwambia Nélida siku moja kabla ya misa. "Kaa hapo, utafute. Mimi naandika majina."

Nélida akafungua orodha ya draiva. Jina la printa yao halikuwamo. Akachagua lililofanana nalo, akabonyeza. Printa ikanguruma, ikatapika mistari ya alama za ajabu, nyota na mikwaju, karatasi zikamwagika mpaka sakafuni.

"Zima! Zima, mama yangu, inamaliza boksi zima!" Mama Hortensia alipiga kelele.

Nélida akazima. Hapo akakumbuka maneno ya Edson. Usiangalie jina, angalia kichwa. Hiki kina pini tisa. Ukiipa draiva ya pini ishirini na nne ni sawa na kumsemesha bibi yetu Kichina. Akarudi kwenye orodha, akatafuta draiva ya printa nyingine ya zamani, ya pini tisa, ya ukoo mmoja na hii. Akaandika mistari mitatu ya kujaribu. Kichwa kikaenda kulia, kikarudi kushoto, na maneno yakatoka safi. Nélida alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu aliona kama Edson amesimama nyuma yake.

Kabla hajamaliza, kompyuta ikamuuliza kitu kingine: urefu wa karatasi. Kulikuwa na namba iliyokwisha kujazwa tayari.

"Pima kwa rula, kutoka mkunjo hadi mkunjo," Mama Hortensia alisema bila kuinua macho. "Halafu uchape ukurasa mzima, ujaribu mpaka uvuke mkunjo. Ndipo uniambie."

Wakati huo huo binamu yake, Lizeth, akachungulia dirishani, mikono imejaa unga.

"Nélida! Bado umeng'ang'ania hilo debe? Utaolewa nalo!"

"Nakuja."

"Unakuja lini? Tanuri limeshapata moto. Shangazi anasema mkate wa Edson utiwe sura na wewe, na kama huji namtia mimi. Nitamwekea pua kama ya punda!"

Nélida akaitazama rula. Akaitazama ile namba kwenye kioo cha kompyuta. Ilionekana namba ya kawaida tu. Akabonyeza sawa.

"Umejaribu?" Mama Hortensia aliuliza.

"Nimejaribu."

"Ukurasa mzima?"

"Ndiyo, Mama."

Majina yakachapwa yote. Nélida akaziweka karatasi mezani, akabana rula kwenye mkunjo, akachana moja baada ya nyingine, haraka haraka, bila kusoma. Kisha akakimbia kwenye tanuri. Alimtia Edson macho mawili na mdomo unaocheka. Mama yake akautazama mkate ule, akageuka upande.

Kesho yake kanisa lilijaa. Mama Primitiva alikuwa amevaa shali nyeusi, ameshika mshumaa kwa mikono miwili. Padri Anselmo alikuwa mgeni, hakuwa na muda mrefu mjini, na alisoma kwa sauti ya taratibu. Kila jina likitajwa, familia ilisimama, "Yupo!", na moto mdogo ukawaka. Kanisa likawa linang'aa kidogo kidogo, kuanzia mbele mpaka nyuma.

Padri akafika karatasi ya mwisho. Akasoma jina la mwisho. Akaziweka karatasi chini.

Mama Primitiva hakusogea. Nélida alimwona akiutazama mshumaa wake, ambao haukuwa umewashwa. Si yeye peke yake. Huku na huku palikuwa na watu wachache waliokaa na mishumaa mizima, wakitazamana. Karibu na mlango alikuwepo Mzee Casiano, aliyeshuka alfajiri na lori kutoka kijiji cha juu milimani kuja kulisikia jina la mkewe. Akasubiri kidogo. Kisha akautia mshumaa mfukoni mwa koti, akavaa kofia, akatoka, kwa sababu lori lilikuwa likirudi saa ile ile.

Nje, uani, wanawake wawili walisimama na shali zao.

"Hakumtaja yule wa lori."

"Angemtajaje? Mlevi? Padri naye ana masikio."

Walisema polepole, lakini si polepole ya kutosha. Mama Primitiva aliinama kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Wamemkataa," alisema. "Nélida, wamemkataa mwanangu."

"Hapana, mama."

"Hata kanisani! Sasa atafika nyumbani leo, nitamwambia nini?"

Nélida akamwacha, akakimbilia ofisini. Karatasi za Padri zilikuwa tayari zimerudishwa mezani. Akaitwaa ya kwanza. Chini kabisa, kwenye ukingo uliochanika, palikuwa na vijipande vya herufi vilivyokatwa katikati, kama uchafu wa wino. Akaitwaa ya pili. Juu kabisa kulikuwa na vijipande vingine. Akazisogeza karatasi hizo mbili mpaka kingo zikagusana, na likatokea jina la Saturnina Choque, mke wa Mzee Casiano. Akaunganisha ya pili na ya tatu. Akainama asome.

Edson Tolaba Vilca.

Akaelewa. Ile namba aliyoiacha ilikuwa ya karatasi ndefu kuliko yao. Draiva ikaamini ina nafasi bado, ikaendelea kuchapa, na kila mkunjo ulipofika, jina moja likagongwa juu ya vitobo. Kisha akaja mtu na rula akalichana katikati. Mtu huyo alikuwa yeye.

Alisimama pale muda mrefu. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuzitia zile karatasi kwenye jiko, na watu wangesema printa mbovu, au Padri mgeni, au Edson mlevi. Wangesema wanalotaka. Na mama angeendelea kuamini kwamba mwanawe amekataliwa.

Akatoka nazo uani. Wale wanawake wawili walikuwepo bado, na Mama Hortensia alikuwa amemshika Mama Primitiva begani.

"Mama," Nélida alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Hajakataliwa. Aliandikwa. Mimi ndiye niliyemchana."

Akaziunganisha karatasi mbele ya macho yake. Mama Primitiva akapitisha kidole juu ya jina, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Uliniambia umejaribu ukurasa mzima," Mama Hortensia alisema.

"Nilijaribu mistari mitatu. Sikupima karatasi. Nilikudanganya, Mama."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa, akajifunika shali vizuri, akaondoka. Mama Primitiva hakumpiga Nélida wala hakumgombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema tu, "Ulikuwa unakimbilia mkate wake," akaanza kulia kwa sauti, palepale uani, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Mchana ule walirudi ofisini. Nélida alipima karatasi kwa rula, mkunjo hadi mkunjo, akapima tena. Akafungua mipangilio ya draiva, akafuta ile namba, akaandika urefu wa kweli, akaacha nafasi tupu juu na chini ya kila ukurasa. Akachapa kurasa nzima, akazivuta zote mezani bila kuzichana. Mikunjo yote ilikuwa mitupu. Mama Hortensia naye akaipitia kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha wakachapa majina yaliyopotea.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, watu wote walikuwa makaburini. Padri Anselmo akasimama katikati ya misalaba na maua ya karatasi, akaeleza kwamba majina haya yaliachwa kwa makosa ya ofisi na si kwa sababu nyingine yoyote. Hakumtaja Nélida. Akasoma.

"Edson Tolaba Vilca."

"Yupo!" Mama Primitiva aliitikia. Sauti yake ilipasuka, lakini mshumaa uliwaka, na nyuma yake watu wakaitikia naye, "Yupo!" Hata yule mwanamke wa shali.

Padri akaendelea mpaka jina la mwisho. "Saturnina Choque."

Hakuna aliyesimama. Padri akainua macho, akasubiri. Upepo ulikuwa unayagonga maua ya karatasi. Nélida alijua Mzee Casiano yuko wapi saa ile: kule juu, nyumbani kwake, mshumaa mfukoni, akiamini mkewe hakutajwa. Saa sita ikafika. Kengele ikagongwa, na watu wakaanza kufunga vikapu vyao, maana roho zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Nélida akakaa chini kwenye vumbi, akauficha uso wake. Mama Hortensia akaja akakaa karibu naye kwa shida, kwa sababu ya magoti yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Draiva haikumdanganya mtu. Ilifanya ilivyoambiwa. Kukosea namba si dhambi, hata Edson alikosea mara nyingi mezani kwangu pale. Lakini mtu akikuuliza, 'Umejaribu?' na wewe ukasema ndiyo, yeye anaacha kuangalia. Anakuamini, anafumba macho. Kwa hiyo usilitoe neno hilo mdomoni mpaka kazi yake umeifanya yote. Jana umesema kweli mbele za watu, na kweli hiyo imemrudishia mama yako mtoto wake. Ila haikumfikia kila mtu. Ndivyo uongo ulivyo, hata ule mdogo. Ukishautoa, huwezi kuchagua utamwangukia nani."

Nélida akajifuta uso. Akauliza, "Mzee Casiano atajuaje?"

"Jumapili kuna lori la kwenda juu," alijibu Mama Primitiva, aliyekuwa amesimama nyuma yao na shali yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tutapanda mimi na wewe."

"Nitamwambiaje, mama?"

Mama Primitiva akamnyooshea mkono, akamwinua, akamkung'uta vumbi kwenye sketi.

"Vile vile ulivyoniambia mimi."