Nyuki Kwenye Mkokoteni wa Mukhtar

Kila Jumamosi Ruqayya alimsaidia babake kuuza matikiti pale mtaani Kondele. Yeye alikata vipande, akavipanga kwenye sinia na kuvifunika ili nzi wasitue. Babake, Mukhtar, kazi yake ilikuwa kuita wateja, na hakuna aliyemshinda kwa hilo. "Tikiti la Katito! Mama, onja kwanza, ukikunja uso usinunue!" Watu walicheka, wakaonja, wakanunua.

Siku hizo Masinde peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Huyu alikuwa mwendesha bodaboda, na pikipiki yake iliibwa mlangoni pake. Badala ya kwenda polisi, alikwenda kwa mganga! Akarudi stejini, kwenye kituo cha bodaboda, kifua mbele, akitangaza kila mtu asikie, "Nimetuma nyuki. Watatua kwa mwizi mbele ya macho yenu. Mtaona!" Nao watu wazima, wenye ndevu na watoto wa kusomesha, wakakubali kwa vichwa. Tangu hapo Kondele yote ilikuwa ikisubiri nyuki.

Na nyuki wakaja.

Walitokea juu ya mapaa ya maduka wakinguruma. Walizunguka juu ya mkokoteni wa Mukhtar, kisha wakatua kwenye mpini, mmoja juu ya mwenzake, mpaka wakawa fungu kubwa linaloning'inia. Ruqayya alisimama na kisu mkononi. Aliogopa, lakini hakukimbia. Likizo ya Agosti alikuwa amekaa Katito kwa Mama Amolo, mkulima aliyewauzia matikiti, ambaye pia hufuga nyuki kando ya shamba lake. Kule aliona fungu kama hili kwenye tawi. "Wamehama na malkia wao," Mama Amolo alimweleza. "Wanapumzika huku wakitafuta nyumba. Wameshiba asali, hawana ugomvi na mtu. Ukiwaacha, wataondoka."

"Baba, usiwaguse," Ruqayya alinong'ona. "Wataondoka wenyewe."

Nani angewaacha?

"Yawa! Nyuki!" mtu alipiga ukelele. "Nyuki wa Masinde! Mwizi ndiye huyo!"

Neno mwizi likitajwa Kondele, halirudiwi mara ya pili. Watu waliacha biashara zao wakaja mbio, na miongoni mwao walikuwamo wale wale walioonja tikiti asubuhi wakamwita Mukhtar ndugu. Masinde alipenya katikati yao, macho mekundu.

"Pikipiki yangu iko wapi?"

"Masinde, ndugu yangu, wallahi sijui..."

Kofi likamkatiza, na ngumi ikafuata. Mukhtar alianguka juu ya matikiti, yakapasuka chini yake, na ikawa vigumu kujua wekundu upi ulikuwa wa tikiti na upi wa damu. Rungu lilishuka kwenye mkono wake wa kulia. Ruqayya alisikia mfupa ukivunjika.

"Lisemwalo lipo!" mama mmoja alisema kwa sauti. "Nyuki hawawezi kutua kwa mtu bure."

"Petroli! Leteni petroli!"

Ruqayya alijitupa juu ya babake. Mkono wa Masinde ukamshika kwa mtandio, ukamrusha kando kama gunia tupu. Akainuka, akarudi. "Baba si mwizi! Nyuki wamepumzika tu!" Alilia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyemsikiliza. Mtungi wa petroli ulikuwa tayari unapitishwa juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo Frankline, rafiki wa Masinde, alipookota nusu tofali. Alilenga kichwa cha Mukhtar. Tofali lilipita pembeni, likapiga fungu la nyuki.

Lo! Kondele iligeuka. Nyuki walipasuka kutoka kwenye mpini, wakaingia kwenye mashati, masikioni na machoni mwa watu. Watu waliangushana na kukanyagana. Mtungi wa petroli ulimwagika ardhini. Aliyeumwa kuliko wote alikuwa Masinde, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na alikuwa akipunga mikono kama mtu anayezama ziwani. Nyuki humfuata mtu wa namna hiyo. Uso wake ulivimba, macho yakafumba, akaanguka ukingoni mwa mtaro, hatua chache kutoka kwa Mukhtar.

Waliokimbia walisimama mbali wakitazama. Mmoja wao akasema, "Hebu ngojeni! Mbona wanamla yeye? Kumbe pikipiki yenyewe ilikuwa ya wizi!"

"Ni kweli! Mwizi ni Masinde!"

Jiwe la kwanza likaruka. La pili likampiga Masinde mgongoni, naye akalia kwa uchungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Sijui! Ndugu zangu, sijui!"

Ruqayya aliyaona mawe yale. Tuseme ukweli: alifurahi. Alitaka wampige. Alitaka apigwe mpaka naye avunjike mkono.

Kisha akamwona babake. Mukhtar alikuwa akijikokota kwa mkono mmoja, damu ikimtoka puani, mpaka akamfikia Masinde na kumfunika kwa mwili wake.

"Msimpige!" alisema. "Kama mimi si mwizi, huyu naye si mwizi! Nyuki hawamjui mwizi!"

Jiwe lililofuata lilimpiga yeye begani. Halikurushwa lingine.

Ruqayya aliona haya, akafuta machozi. Kando yao palikuwa na jiko la mchoma mahindi aliyekimbia. Alilivuta kwa kishikio chake cha waya na kulitupia maganda mabichi ya mahindi. Moshi mzito ukapanda. Alilisogeza upande wa upepo, moshi ukawafunika wale wanaume wawili. Yeye mwenyewe alikuwa ameumwa shingoni na mikononi, lakini hakupunga mkono. Akatupa gunia juu ya kichwa cha Masinde.

"Usipunge mikono!" alimwamrisha. "Lala kimya, nakuambia!"

Masinde, mtu mzima mwenye nguvu zake, akalala kimya. Ruqayya alimkwangua miiba kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, bila kuifinya, kama alivyofundishwa Katito. Pole pole ngurumo ikapungua. Nyuki waliobaki wakarudi kwenye mpini, kwa malkia wao.

Pikapu ya Mama Amolo iliyoleta matikiti ya mchana ilipofika, iliwapeleka majeruhi hospitalini kwanza. Mama Amolo mwenyewe alibaki nyuma kuwakusanya nyuki kwenye sanduku la mbao.

Jioni alikuja wodini. Mkono wa Mukhtar ulikuwa umefungwa plasta. Masinde, uso umevimba, alikuwa kitanda cha pili, na Frankline amesimama mlangoni, kichwa chini.

"Nyuki wako sandukuni," Mama Amolo alisema. "Nitakwenda nao Katito. Matikiti yangu yatashukuru."

"Matikiti?" Frankline aliuliza.

"Wewe unadhani tikiti linatoka wapi? Ua la tikiti lisipotembelewa na nyuki, linaanguka, hulioni tunda. Na maboga ni hivyo hivyo, na matango pia. Mimi nanyunyiza dawa shambani jioni tu, nyuki wakishalala, na nimewaachia maua ya mwituni ukingoni. Nanyi mjini, mkiwaona wametua, msiwachome, msiwapige mawe. Wekeni watoto na wanyama mbali, mniite mimi au mfugaji mwingine."

Masinde alianza kulia chini kwa chini. "Mukhtar, nisamehe. Ruqayya, mwanangu, mimi ndiye niliyekuvuta mtandio. Kesho naenda polisi, nikaripoti pikipiki kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nao nitawaeleza nilichokufanyieni, chochote kitakachonipata."

Mukhtar alikubali kwa kichwa. Ruqayya alitazama plasta ya babake. "Baba, mbona ulimfunika?" aliuliza. "Mimi nilitaka wampige."

"Najua, binti yangu. Hata mimi nilitaka," Mukhtar alisema. "Ndiyo maana nilikwenda haraka, kabla hamu hiyo haijanishinda."

Mama Amolo alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa Ruqayya uliojaa vivimbe.

"Sikilizeni, wote," alisema. "Nyuki akikuuma, mwiba wake hubaki kwako, naye hufa. Anajilipia kwa uhai wake, kwa hiyo haumi mpaka alazimike. Sisi tunampiga mtu bila kuuliza, bila ushahidi, halafu tunarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Kabla hujainua mkono, mwanangu, uliza kwanza: je, ningempiga huyu kama pigo hili lingekuwa la mwisho maishani mwangu?"

Frankline alitazama mkono wake uliorusha tofali, kisha akauficha nyuma ya mgongo.