Dawa ya Pua, Chupa Namba 47

Nilimkuta mume wangu jikoni saa sita mchana, bomba la sindano mkononi, anavuta dawa yangu ya pua.

Hakunisikia naingia. Alivuta mpaka chupa ikabaki tupu, akaimimina dawa kwenye kichupa cha matone ya macho. Kisha akachukua kikombe cha maji, akatia chumvi, akakoroga, akaijaza ile chupa yangu.

Alipogeuka tukatazamana.

"Mama Basili... umewahi leo."

Nikamjibu kwamba shule imefungwa mapema. Nikavua viatu, nikaketi.

Najua wewe unayesoma ungetaka nipige kelele. Sikupiga. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino: mkono wa daktari nauona, maumivu siyasikii.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Naitwa Flavia, mzaliwa wa Kibosho. Mwaka 1998 nilikuwa mpishi wa shule moja ya sekondari mjini Moshi, na mafua yangu yalikuwa na miaka minne. Si mafua ya baridi. Kila nikiamka ni chafya mfululizo, macho yanawasha, pua imeziba. Harufu nilishaipoteza kabisa. Maharage yaliungua mbele yangu, wanafunzi ndio wakaja kuniambia. Yalipoungua mara ya pili, mkuu wa shule akasema mara ya tatu nisubiri barua.

Ndipo nikasikia kuna madaktari wanafanya utafiti wa dawa ya mafua ya mzio. Nikaenda.

Daktari Eliamini, mtu mpole wa Machame, alinieleza kabla sijatia sahihi. Nusu yetu tungepewa dawa mpya, nusu maji ya chumvi, kwenye chupa zinazofanana. Nani amepata nini, hata yeye hajui. Siri iko kwenye bahasha zilizofungwa kabatini. Dawa si ya watoto, na ni mwiko kumpa mtu mwingine.

Nikapewa chupa namba 47 na daftari. Asubuhi na jioni najaza: chafya, kuziba, makamasi, muwasho. Sifuri mpaka tatu. Kila wiki mbili nesi anapima uzito wa chupa, aone kama kweli naitumia.

Yote hayo nilimsimulia mume wangu, Aristides. Ndiyo maana alijua kurudishia maji.

Wiki ya tatu nikaanza kupata nafuu. Tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Siku moja nikasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, nikasimama na mwiko mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Siku chache baadaye ndiyo nikamkuta na sindano.

Alitoka na kile kichupa mfukoni, akisema anarudi kwenye biashara yake ya mitumba Kiboriloni. Nikavaa viatu tena, nikamfuata kwa mbali. Alipofika sokoni hakusimama. Alipita mpaka nyumba moja ya nyuma, akaingia, akakaa kidogo, akatoka kurudi kwenye meza yake.

Nikabisha hodi.

Aliyefungua namjua kwa sura. Gladys, binti aliyekuwa akimsaidia Aristides kuchambua nguo. Mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Alinitazama, nikaona ameshajua kwa nini nimekuja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nikaingia bila kukaribishwa. Chumba kimejaa mabelo ya mitumba mpaka juu. Niliyatambua. Miaka minne yalilala chumbani kwetu, mpaka mwezi uliopita Aristides aliposema amepata stoo.

Juu ya belo moja alikaa mtoto wa kike wa miaka mitano, mdomo wazi. Paji lake la uso, Aristides mtupu. Sikuhitaji kuuliza.

Juu ya pua alikuwa na mstari mlalo, ule unaokuja kwa kusugua pua na kiganja kila mara. Mimi pia ninao. Ila yeye kifua chake kilikuwa kinatoa mluzi.

"Anaitwa nani?"

"Kindness."

"Anatumia dawa gani?"

Akanionyesha kichupa. Akasema baba yake huipata kwa mtu wa hospitali, ni wiki ya pili sasa. Mwanzoni alidhani inamsaidia, lakini siku hizi pumzi zinazidi kumkatika.

"Hii ni dawa ya majaribio," nikamwambia. "Hata sisi wakubwa, madaktari hawajajua itatufanya nini."

Gladys akaketi chini, kwenye sakafu. "Sikujua, dada. Sikujua."

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ninyamaze, nibaki kwenye utafiti na pua yangu inayofunguka, na ndoa yangu machoni pa watu ibaki nzima. Au niseme, vyote viende.

Sitawadanganya kwamba huruma ndiyo iliyoniinua. Sikuwa na huruma, sikuwa na hasira. Nilikuwa nasikia ule mluzi tu.

"Mvalishe sweta," nikasema. "Twende."

Kliniki nilieleza kila kitu, sikuficha hata sindano. Daktari Eliamini alianza na mtoto. Akamvutisha dawa ya kufungua kifua, akasubiri mpaka mluzi ukapungua. Halafu akasema kwa usalama wa mtoto ni lazima ajue kilichoingia mwilini mwake. Akafungua kabati, akatoa bahasha namba 47, akaichana mbele yetu.

Akasoma. Akarudia kusoma.

"Maji ya chumvi," akasema.

Mume wangu alikuwa ameiba maji ya chumvi, akarudishia maji ya chumvi.

Nikamuuliza mbona mimi nimepata nafuu. Naye akauliza kama kuna kitu kimebadilika nyumbani hivi karibuni. Gladys ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Mabelo. Yaliletwa kwangu mwezi uliopita."

Baadaye tulipimwa kwenye ngozi ya mkono, mimi na mtoto. Wote wawili, mzio wa vumbi. Pua yangu ilifunguka siku vumbi lile lilipohamia kwenye kifua cha Kindness, na mimi nikawa naandika moja, moja, moja kwenye daftari, namshukuru Mungu.

Nilitolewa kwenye utafiti. Daktari hakunigombeza. Alinipa dawa za kawaida na kunieleza namna ya kukaa mbali na vumbi.

Aristides alinikuta nafunga nguo zangu. Alisema mabelo yalipofika kule mtoto akazidiwa, lakini aliogopa kumpeleka hospitali, kwa kuwa wangeandika jina la baba, na Moshi ni ndogo, watu wanajuana.

"Kwa hiyo ukampa dawa usiyoijua."

Nilimwambia mabelo yatoke kwenye kile chumba kabla ya Jumapili, la sivyo nampeleka kwa wazee wa ukoo. Nikamchukua mwanetu Basili, nikapanda Kibosho kwa mama. Mabelo yalitoka Ijumaa. Mimi sikurudi.

Chozi langu la kwanza lilinitoka baada ya miezi minne, namenya ndizi za supu ya mtori, bila sababu yoyote. Mama alinitazama, akaendelea kumenya zake.

Kindness ni mtu mzima sasa, na huniita mama mkubwa. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema niandike, labda kuna baba mahali anasoma.

Basi baba unayesoma, nakwambia wewe. Kama una mtoto ambaye watu hawamjui, na anakosa pumzi, mpeleke hospitali leo. Wakiuliza jina la baba, taja lako.