Sefu wa Kwenye Picha

Haya aliniapia rafiki yangu Kaingu mwaka 1956, msomi asiye na kazi kama mimi. Alikuwa akilitungia gazeti moja la Mombasa hadithi za picha, na Sefu wa Msambweni ndiye aliyezichora. Siku moja Sefu alichelewesha picha. Kaingu, kwa ujeuri wetu wa digrii, akampa mwizi wa hadithini jina la Sefu, akamuua humo hadithini ili watu wacheke. Just a joke, my foot! Mzaha gani huo! Maskini Sefu akakichora kifo hicho mwenyewe.

Aibu ilimla Kaingu hata akaenda kuomba radhi. Alimkuta Sefu kibarazani na mamake, mzima, macho chini. Nyuma yao chumba kilikuwa giza totoro mchana kweupe.

“Shikamoo, mama. Nimekuja kumtaka Sefu radhi.”

“Marahaba. Jina la babu yake mkalipa mwizi, mkaliua! Mwite basi, msomi. Mimi nikimwita, haitiki yeye; huitika yule wa kwenye picha.”

“Sefu?”

Sefu hakuinua kichwa. Kule gizani kitanda kikalia, nyayo zikajiburuza polepole hadi nyuma ya mlango.

“Naam, Kaingu.”