Fagio la Maabara ya Rubwera

Taa ya majaribio iliwaka mchana kweupe, na koki ya mtungi wa gesi ilikuwa imefungwa. Sperancia aliifunga mwenyewe. Akadhani kuna gesi iliyobaki kwenye mpira, akauchomoa. Taa ikaendelea kuwaka, na chini ya seli tone la maji likaanguka kikombeni, ti.

Maabara ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya maduka ya Rubwera. Humo walipima seli za haidrojeni, zile unazozilisha gesi zikakupa umeme na maji matupu, ili siku moja ziwashe taa kwenye zahanati za vijijini. Kazi nzuri, lakini ina masharti. Unapaka povu la sabuni kwenye maungio, uone panapovuja. Unatanguliza naitrojeni, ifukuze hewa. Halafu kuna fagio. Moto wa haidrojeni hauna moshi, na mchana huuoni kabisa, kwa hiyo anayeingia hunyoosha mbele yake fagio la majani makavu. Ncha ikishika moto, rudi nyuma haraka. Watu wa Pwani wanasema jini naye aliumbwa kwa moto usio na moshi. Sisi wa huku tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka Gaspari akafa.

Gaspari alikuwa mume wa Sperancia, na walifanya kazi pamoja. Siku ile walitarajia wageni kutoka wilayani, na Sperancia alilelewa Bweranyange, kwa watu wasiopokea mgeni kwenye uwanja mchafu. Fagio la nje halikuonekana. Akachukua la maabara, mara moja tu, akafagie mlangoni. Gaspari akaingia mikono mitupu. Alikata roho hospitalini akiwa amefungwa bandeji mwili mzima, akiomba kitu ambacho wauguzi walikataza asipewe. "Maji, mama. Maji." Wakamzika Nyabiyonza, kwenye kibanja cha mama yake, katikati ya migomba.

Sasa taa inawaka yenyewe, na chumba kinanukia kahawa ya kutafuna, ile ambayo Gaspari hakukosa mfukoni.

"Spera," bomba la gesi likanong'ona.

Nywele zilimsimama. Lakini mwanamke aliyefiwa ana masikio yake, bwana. "Abee," akaitika.

"Weka fagio chini. Njoo nikushike mkono."

Hakuliweka siku hiyo. Ila kila adhuhuri, mwenzao Rwegasira alipokwenda kula, yeye alibaki, na kila alipobaki alisogea karibu zaidi. Rwegasira akaja kuona vidole vyake vimebabuka.

"Dada, umeungulia wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni gani, na hupiki siku hizi?" Akamtazama alivyokonda, akatoka nje kumpigia simu mama yake Gaspari.

Ma Anatolia alifika kwa bodaboda na kitenge chake cha kanisani. Sperancia akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama akashika vile vidole, akavigeuza. "Huyo anayekushika mkono anakuambia nini?"

Sperancia akaangua kilio. "Anataka niweke fagio chini. Mama, mimi ndiye niliyelichukua siku ile. Mimi! Acha nimfuate."

"Mawe, mama wee! Nizike wawili?" Mama alishusha sauti. "Nisikilize. Mwanangu alikufa akiomba maji. Huyu amekuomba maji hata siku moja?"

"Hapana, mama."

"Basi si wangu. Rwegasira, gesi mnaitoaje humo ndani?"

"Tunaisukuma kwa naitrojeni, mama. Hiyo haiwaki, na hakuna kinachowaka ndani yake."

"Isukumeni."

Sperancia akasema yeye ndiye mke, ataifungua mwenyewe. Rwegasira akaunganisha mpira, akasimama kando na fagio mkononi. Mama akaanza kusali kwa Kinyambo, lugha ya kwao, polepole, na Sperancia akazungusha koki, naitrojeni ikaingia ikivuma, na harufu ya kahawa ikageuka ikawa harufu ya nywele zinazoungua, na ncha ya fagio ikashika moto mahali ambapo hapakuwa na kitu, na taa ikafifia ikawaka ikafifia, na bomba likalia Spera baridi, Spera nakufa, naye akazidi kufungua huku machozi yakimtiririka hadi shingoni, mpaka ile sauti ikawa nyembamba, ikawa ya mtu aliyelala kitandani na bandeji mdomoni, ikasema:

"Maji, mama. Maji."

Mkono wa Sperancia ukaganda kwenye koki. Sala ikakatika. Hakuna aliyesema funga, wala aliyesema endelea, na gesi ikavuma tu. Taa ikazimika.

Baadaye mama akauliza, hamtazami mtu. "Kuna kilichosemwa pale mwisho?"

"Sikusikia, mama," Sperancia akajibu.

"Hata mimi."

Rwegasira aliinama akaokota majani ya fagio yaliyoungua.

Mama na mkwewe walilala Nyabiyonza, kila mmoja chumba chake. Kulipopambazuka, ukungu ungali kwenye migomba, Sperancia alinyata na jagi la maji hadi kaburini. Ma Anatolia alikuwa ameshapiga magoti pale, na jagi lake.

Hawakusalimiana. Walimimina pamoja. Udongo ukayanywa maji kwa mlio wa kikaango cha moto, na mvuke ukapanda. Mama aliweka kiganja juu ya kaburi, akakitoa upesi.

"Kalete mengine, mwanangu," akasema kwa sauti iliyovunjika. "Kimbia."